Kuvu Ukutani, Kuvu Guniani

(Maneno haya tuliyasema mbele ya vikundi vya kujisaidia vya vilima vya Mbooni, Kaunti ya Makueni, wakati wa baridi. Tumeyaandika hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.)

Asanteni kwa chai, na asanteni zaidi kwa kutuonyesha nyumba zenu kabla ya kikao kuanza. Si kila mtu anakubali mgeni aingie mpaka chumba cha kulala akachungulie nyuma ya kitanda. Nyinyi mmekubali, basi na sisi tutasema wazi yale tuliyoyaona.

Tumeona kuvu. Tumeona madoa meusi chini ya madirisha na kwenye pembe za kuta. Tumesikia ile harufu ya unyevu ambayo mgeni huisikia akiwa mlangoni, lakini mwenye nyumba haisikii tena kwa sababu ameizoea. Mama mmoja alivuta viatu vyake vya Jumapili kutoka chini ya kitanda na tukakuta vimeota nywele nyeupe kama mzee. Alicheka, na sisi tukacheka. Lakini kicheko kiliisha tulipoona kwamba pale pale penye doa jeusi pameegemezwa gunia la mahindi, na mahindi yenyewe ndiyo chakula cha watoto mpaka mavuno mengine.

Hilo gunia ndilo lililotuleta. Hata hivyo tutaanza na ukuta, maana ukuta ndio unaosema kwanza.

Kabla ya kuwafundisha wengine ni vizuri tukiri makosa yetu. Stoo ya ofisi yetu ilikuwa na ukuta mweusi hivyo hivyo. Tulipoambiwa kwamba wageni wanakuja, tukanunua rangi ya mafuta, tukapaka mara mbili, ukuta ukang'aa. Wageni wakaja wakasifu. Miezi miwili baadaye rangi ilivimba kama ngozi iliyoungua, ikaanza kubanduka, na chini yake kuvu ilikuwa nyingi kuliko mwanzo. Tulikuwa tumefunga maji ndani ya ukuta, tukayafunika, halafu tukashangaa. Tulipozunguka nyuma tulikuta mfereji wa paa umetoboka, na kila mvua maji yalikuwa yakiteremka ukutani. Kuurekebisha mfereji kuligharimu kidogo sana ukilinganisha na rangi.

Basi tuelewane jambo moja. Kuvu ni kitu chenye uhai. Mbegu zake ni ndogo kuliko vumbi, na zimo hewani kila mahali, hata hapa tulipokaa. Hakuna dawa ya kuzimaliza. Chakula chake nacho kipo tele: mbao, karatasi, ngozi, nguo, samadi tuliyosiribia ukuta, hata uchafu uliokaa juu ya saruji. Kitu kimoja tu ndicho inachokosa ili iote, nacho ni maji. Kitu kikilowa na kisikauke kwa siku moja au mbili, kuvu inaanza kazi yake. Kwa hiyo ukiona doa usiulize kwanza, "Nitalifuta kwa nini?" Uliza, "Maji haya yanatoka wapi?"

Hapa kwenu maji yanaingia kwa njia kama tatu. Ya kwanza ni juu. Bati lililotoboka kwenye msumari kila mtu analijua. Lakini nyumba nyingi tulizoziona hazina mifereji ya paa, au zina mfereji upande wa tangi tu. Upande wa pili maji yanamwagika ardhini, yanaruka na tope, yanalowesha ukuta kwa urefu wa goti. Tazameni mkitoka: alama ya tope nje na doa la kuvu ndani ziko sawasawa. Kama pesa za mfereji hazijapatikana, chimba mtaro mahali maji yanapoangukia, ujaze mawe madogo, na maji hayataruka tena.

Ya pili ni chini. Nyumba zenu zimejengwa mlimani. Mlima unateremsha maji, na ukuta wa upande wa juu unayapokea. Mtaro wa kukinga, uliochimbwa upande wa juu umbali wa hatua mbili tatu na kuelekezwa kando, unaweza kuchimbwa na kikundi kwa siku moja. Nyinyi mmechimba matuta mlima mzima kuzuia mmomonyoko, mtaro mmoja nyuma ya nyumba hautawashinda. Na wanaojenga upya wasisahau karatasi nzito ya nailoni kati ya msingi na ukuta. Ardhi hunyonywa na ukuta kama mafuta yanavyonyonywa na utambi wa koroboi.

Ya tatu ni sisi wenyewe. Mzee mmoja alituambia paa lake linavuja hata usiku usio na mvua. Tulidhani anatania. Kumbe usiku wa Julai bati huwa baridi sana. Watu sita wanapumua ndani, sufuria ya maharagwe imetoka kuchemka, nguo za shule zimetundikwa kwenye kamba zikauke. Mvuke wote huo unapanda, unakutana na bati baridi, unageuka matone na kuanguka kitandani. Paa halivuji, linatoka jasho.

Dawa ya jasho ni hewa. Acheni ile nafasi kati ya ukuta na paa, msiizibe kwa matambara. Tunajua mnaziba kwa sababu ya baridi na wezi, na popo pia, wekeni wavu. Ukungu wa mlimani ukiwa mzito, kufungua dirisha hakusaidii sana, lakini jua likitoka, tuseme saa nne mpaka saa tisa, dirisha na mlango vifunguliwe. Nguo zikauke nje. Kitanda na sanduku visigusane na ukuta, viacheni nafasi ya kupitisha mkono. Na tafadhali, mtu asiingize jiko la makaa chumbani usiku ili kukausha nyumba. Moshi wa makaa usioonekana unaua watu wakiwa usingizini.

Maji yakishazibwa, sasa futa doa. Ukuta wa saruji sugua kwa brashi, sabuni na maji ya moto, kisha uache ukauke kabisa. Kama doa linabaki, tumia ile dawa ya klorini ya kung'arisha nguo, kikombe kimoja kwa lita nne za maji, madirisha yakiwa wazi. Usiichanganye kamwe na dawa ya choo, siki wala dawa nyingine ya kusafishia, maana inatoa hewa yenye sumu. Kwenye ukuta wa udongo au mbao dawa hiyo inabaki juu juu tu na kuvu iko ndani. Huko lowesha kidogo ili vumbi lisiruke, kwangua sehemu iliyolegea, iache ipigwe na hewa mpaka ikauke, ndipo usiribe upya na kupaka chokaa. Kuvu haipendi chokaa. Jikinge macho, chokaa inaunguza. Godoro au mkeka ulioshika kuvu mpaka ndani, usafi wake ni mgumu, afadhali utupwe. Na kazi hii asipewe mwenye pumu wala mama mjamzito, na anayefanya ajifunge kitambaa mdomoni na puani. Watoto wanaokohoa usiku kucha katika nyumba zenye unyevu mnawajua kuliko sisi.

Haya, sasa turudi kwenye gunia.

Wengi wenu mnakumbuka mwaka 2004. Wengine mlizika watu. Ukame ulikuwa umeyapiga mahindi, na mahindi yaliyopigwa na ukame hushikwa na kuvu kwa urahisi. Mavuno yakawa haba, na kwa kuogopa wezi watu wakayatoa kwenye ghala na kuyaingiza ndani ya nyumba wanamolala, kwenye joto na unyevu kuliko ghalani. Watu 317 waliugua, na 125 kati yao wakafa, wengi wao katika wilaya za wakati huo za Makueni na Kitui. Waliochunguza walikuta kwamba kuweka mahindi yenye unyevu ndani ya nyumba kulikuwa kunahusiana na ugonjwa huo. Hata kabla ya hapo, mwaka 1981, watu 20 waliugua namna hiyo upande wa Machakos, na 12 wakafa.

Kuvu ile hutengeneza sumu iitwayo aflatoksini, ambayo wengine huiita sumukuvu. Huharibu ini. Macho yanageuka manjano, tumbo linavimba. Anayekula kidogo kidogo kwa miaka haugui leo, lakini hatari ya saratani ya ini inaongezeka. Na hapa ndipo watu wanapojidanganya: kupika hakuiondoi. Githeri ichemke tangu asubuhi mpaka jioni, sumu ingalimo. Kusaga hakusaidii, unga mweupe unaificha tu. Ukimpa ng'ombe mahindi hayo, sumu inapita kwenye maziwa, inamrudia mtoto.

Tunajua mnachotaka kuuliza, kwa sababu mama mmoja ameshatuuliza pale nje. "Gunia ni moja. Mnataka nilitupe watoto wale nini?" Swali hilo ni zito na hatutalijibu kwa mzaha. Kama mahindi yameshikana mabonge, yananuka, yamegeuka kijani au meusi gunia zima, hayo si chakula tena, wala si ya kuuzwa kwa mwingine, wala ya pombe. Yazikwe. Kama punje zilizoharibika ni chache, mwaga yote kwenye turubai juani na muchague punje moja moja. Toeni zilizobadilika rangi, zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu, zilizosinyaa. Kazi hiyo hupunguza sumu sana. Kuyakoboa kuwa muthokoi hupunguza tena, maana sumu nyingi iko kwenye ganda na kiini. Lakini makapi yake yasipewe kuku wala ng'ombe. Tunasema hupunguza, hatusemi huimaliza, kwa sababu punje nzuri kwa macho inaweza kuwa na sumu, na ni kipimo tu kinachoweza kuthibitisha. Na familia iliyolazimika kuzika gunia isiachwe peke yake. Mnachangia matanga na mnachangia karo. Gorogoro mbili kutoka kila nyumba ya kikundi zinaweza kumfikisha mtu mavuno yajayo.

Kuzuia ni rahisi zaidi, ingawa kunataka jasho. Mahindi yasianikwe juu ya udongo mtupu, yanyonye unyevu na kuokota kuvu iliyomo. Turubai ni ghali kwa mtu mmoja, lakini kikundi kinaweza kununua mawili makubwa yakazunguka kama pesa za mzunguko. Manyunyu yakianza, funika, jioni, funika. Halafu upime. Msiamini jino, jino limewadanganya wengi. Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, tia mahindi mpaka theluthi moja, ongeza vijiko viwili vya chumvi kavu, funga, tikisa kwa dakika mbili tatu na uache itulie kama dakika 15. Chumvi ikishikamana na kuta za chupa, mahindi bado ni mabichi, rudisha juani. Isiposhika, unyevu umeshuka chini ya asilimia 15 hivi. Hapo bado usifunge gunia. Unaotakiwa ni asilimia 13.5, kwa hiyo anika tena siku moja au mbili za jua kali.

Gunia lenyewe liwekwe juu ya mbao zilizoinuliwa kwa matofali, mbali na ukuta kiasi cha mkono mmoja, ili hewa ipite na paka naye apite. Ile mifuko ya plastiki isiyopitisha hewa ni mizuri, inaua fukusi bila dawa, lakini ukiifungia mahindi mabichi unapika kuvu. Na kama ni lazima mahindi yalale ndani kwa sababu ya wezi, chagueni chumba kikavu kuliko vyote, hata kama ni kile cha baba mwenye nyumba. (Tumeona kina mama wametazamana. Mtazungumza huko nyumbani.)

Mahindi ya msimu huu bado yako shambani. Tumekubaliana na wenyeviti kwamba tutarudi yakianza kuvunwa. Siku hiyo kila mtu aje na konzi mbili za mahindi yake, chupa kavu yenye kifuniko, na chumvi kidogo aliyoianika. Tutapima hadharani, ya kwetu kwanza.