Tunapomtembelea Mgonjwa, Tuulize na Habari za Kazi Yake

(Mada iliyotolewa kwenye semina ya wajumbe wa kamati za huduma za jamii za parokia, Kinondoni na Temeke)





Nimepewa mada ya haki za mfanyakazi mwenye umri mkubwa anayeugua kwa muda mrefu. Naomba nianze na kosa letu wenyewe.

Katika jumuiya moja ya Mbagala tuna mzee wetu ambaye alikuwa fundi mitambo katika kiwanda kimoja kwa miaka 19. Akiwa na umri wa miaka 57 alipata kiharusi, mkono na mguu wa kulia vikapooza. Kamati yetu haikumsahau. Tulimtembelea mara tatu. Tulipeleka mchele, sukari na sabuni, tukasali naye rozari. Mara ya nne ndipo mama mmoja mjumbe, ambaye zamani alikuwa karani, alipouliza: "Baba, na kazini wanasemaje?"

Mzee alimtuma mkewe alete bahasha iliyokuwa chini ya godoro. Ndani yake mlikuwa na nakala ya barua aliyoletewa nyumbani akatia dole gumba. Barua ilisema kwamba yeye mwenyewe ameomba kuacha kazi kwa sababu za kiafya. Siku alipotia dole alikuwa ameugua siku 74. Siku sisi tunaisoma, barua ilikuwa imetimiza wiki saba.

Ndugu zangu, tulikuwa tumeingia nyumba ile mara tatu na hatukuuliza. Ndiyo maana leo nataka tujifunze pamoja.

Sheria inasemaje

Nazungumzia wenzetu walioajiriwa katika sekta binafsi: viwandani, kwenye maghala, hotelini, kwenye ulinzi na majumbani. Watumishi wa umma wana taratibu zao za ziada.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika kila mzunguko wa miezi 36. Siku 63 za kwanza analipwa mshahara kamili. Siku 63 zinazofuata analipwa nusu mshahara. Mzunguko ni wa miaka mitatu. Kwa hiyo aliyelazwa kwa siku 20 mwaka jana, siku hizo zinaweza kupunguzwa katika hesabu ya mwaka huu.

Sharti kubwa ni cheti cha daktari, ambacho wengi tunakiita ED. Bila cheti hicho mwajiri halazimiki kulipa. Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Mgonjwa amelazwa Temeke au Mwananyamala, ametoka, yuko kitandani nyumbani, na ED ya kwanza imekwisha muda. Hakuna wa kwenda kuchukua nyingine. Kazini anaandikwa mtoro. Hakukosa haki, alikosa mtu wa kumfuatilia karatasi.

Siku ya 126 siyo mwisho wa kazi

Wengi wanadhani siku 126 zikiisha, ajira nayo imekwisha yenyewe. Sivyo. Kinachokoma ni wajibu wa mwajiri wa kulipa mshahara wa likizo ya ugonjwa. Kumwachisha kazi mgonjwa ni jambo jingine, nalo lina utaratibu wake. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zinamtaka mwajiri achunguze ukubwa wa ugonjwa na muda unaotarajiwa, aangalie kama ipo kazi nyepesi anayoweza kupewa, na amsikilize mfanyakazi mwenyewe au mwakilishi wake kabla ya kuamua. Tena sheria inakataza kumbagua mfanyakazi kwa sababu ya umri au ulemavu. Kumwambia mtu wa miaka 57 kwamba umri umekwenda, akapumzike, si utaratibu wa kisheria.

Baada ya utaratibu huo mwajiri akiamua kumwachisha, anatakiwa kumpa notisi, ambayo kwa anayelipwa kwa mwezi haipungui siku 28, kumlipa likizo ambayo hakuichukua, na kumpa cheti cha utumishi. Kipo pia kiinua mgongo cha kisheria, ambacho ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, usiozidi miaka 10.

Tupige hesabu kwa mfano. Mtu mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 390,000 kwa mwezi, ukigawa kwa siku 26, anapata shilingi 15,000 kwa siku. Aliyefanya kazi miaka 19 anahesabiwa miaka 10, yaani siku 70. Kiinua mgongo chake ni shilingi 1,050,000. Malipo hayo hutolewa mwajiri anapomwachisha mfanyakazi kazi. Aliyeandika barua ya kuacha kazi mwenyewe amejifungia mlango. Hiyo ndiyo gharama ya dole gumba la mzee wetu, mbali na siku 52 za nusu mshahara alizokuwa bado anazo.

Anayeona ameachishwa kazi isivyo halali anakwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Muda ni siku 30 tangu kuachishwa. Madai mengine ni siku 60. Aliyechelewa anaweza kuomba aongezewe muda, lakini lazima atoe sababu za kutosha. Mzee wetu alilazimika kuanza kwa kueleza sababu za kuchelewa kabla ya kuelezea dhuluma aliyotendewa.

NSSF na WCF

Jambo moja lilitupa moyo. Barua ile haikufuta michango yake. Chini ya Sheria ya NSSF ya mwaka 1997, mwanachama aliyepoteza theluthi mbili au zaidi ya uwezo wake wa kujipatia kipato, na ambaye hajafikia umri wa pensheni, anaweza kuomba pensheni ya ulemavu. Sheria hiyo iliweka masharti ya michango ya miezi 180, au angalau miezi 36 ambayo 12 kati yake iwe imetangulia mara moja kabla ya ulemavu. Bodi ya madaktari ndiyo inayothibitisha. Mwenye miaka 55 na zaidi, aliyetimiza miezi 180, aulizie pia pensheni ya uzee kwa kustaafu kwa hiari, kisha alinganishe kabla ya kujaza fomu.

Kwa hiyo kila mfanyakazi aombe taarifa ya michango yake angali mzima. Mwajiri anaweza kuwa anakata fedha kwenye mshahara bila kuziwasilisha, na mgonjwa akaligundua hilo siku anapozihitaji.

Kama ugonjwa au ajali vimetokana na kazi, mlango ni mwingine. Huo ni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008 na kuanza kupokea michango Julai 2015. Mfanyakazi hachangii hata senti, anayechangia ni mwajiri. Aliyelemaa kwa muda hulipwa asilimia 70 ya kipato chake, kwa muda usiozidi miezi 24. Ajali itolewe taarifa mapema, na madai yasizidi miezi 12.

Kamati zifanye nini

1. Katika ziara ya kwanza, baada ya sala, tuulize: Umeajiriwa wapi? Uliugua tarehe ngapi? ED yako inaisha lini?

2. Tumwambie mgonjwa na familia yake wasitie sahihi wala dole kwenye karatasi yoyote kabla haijasomwa na mtu wanayemwamini. Kusema "naomba siku mbili niisome" si ukorofi.

3. Tuweke bahasha moja ya mgonjwa: mkataba, karatasi za mshahara, ED zote, kadi ya NSSF na barua za kazini. Kila karatasi itolewe kopi kabla ya kupelekwa, na nakala igongwe muhuri wa kupokelewa.

4. Tumchague mjumbe mmoja wa kuhesabu siku: 63, 126, na zile 30 za CMA.

5. Tuzungumze na mwajiri kwa heshima. Maafisa utumishi wengi si watu wabaya, wengine ni waumini wenzetu. Chama cha wafanyakazi kikiwepo, tuanze nacho.

Wapo pia wenzetu wengi wasio na mwajiri: mama lishe, mafundi, madereva wa bodaboda. Hao tuwahimize kujiunga NSSF kwa hiari yao kabla ugonjwa haujafika.

Kwa wafadhili wetu

Tunawashukuru kwa mchele na sukari, na tusiache kupeleka. Lakini naomba katika mfuko wa wagonjwa litengwe fungu dogo la nauli ya bajaji kwenda hospitali, kutoa kopi, na vocha za simu. Ni fedha ambazo hazipendezi kwenye picha, ila zinaweza kuirudishia nyumba moja kipato cha miaka.

Yule Msamaria Mwema hakuishia kufunga majeraha. Alimpandisha mgonjwa kwenye mnyama wake, akamfikisha mahali, akalipa dinari mbili na kukubaliana na mwenye nyumba juu ya gharama zitakazobaki. Alishughulikia na hesabu. Nasi tukifanya hivyo, mzee mwingine hatatia dole peke yake.