Kodi ya Mapato Nchini Sweden: Nani Hubeba Mzigo?



Husemwa mara kwa mara kwamba Sweden huwatunza watu wake kwa kuwatoza matajiri. Maelezo hayo yana upungufu. Sehemu kubwa ya mzigo iko mabegani mwa mfanyakazi wa kawaida: mwalimu, muuguzi, dereva wa basi.

Kodi ya kwanza ni ya halmashauri na ya mkoa anamoishi mtu. Wastani wake ni karibu asilimia 32 ya mapato yanayotozwa, na kila halmashauri hujipangia kiwango chake. Wenye mishahara ya kawaida huishia hapo. Kodi ya Serikali Kuu, asilimia 20, humgusa yule tu ambaye mapato yake yamevuka kikomo kilichowekwa, tena hutozwa katika ile ziada peke yake. Fedha za halmashauri huendesha shule na matunzo ya wazee. Za mkoa huendesha hospitali. Kwa hiyo mlipaji huziona fedha zake kila asubuhi ampelekapo mtoto shuleni.

Tangu 1947 mwajiri hukata kodi kabla ya kulipa mshahara. Tangu 1971 mume na mke hutozwa kila mmoja kwa mshahara wake. Hapo awali mapato yao yalijumlishwa, na wanawake wengi wakaona kazi ya mshahara haina faida. Badiliko hilo, kwa maoni yangu, lilileta usawa kuliko hotuba nyingi.

Lakini ridhaa ya wananchi ina mpaka. Mwaka 1976 mwandishi Astrid Lindgren, mfuasi wa siku nyingi wa chama kilichotawala, alionyesha gazetini, kwa hadithi ya mzaha, kwamba nyongeza ya mapato yake ilitozwa asilimia 102; aliyejiajiri alilipa kodi ya mapato pamoja na mchango wa mwajiri. Waziri wa Fedha, Gunnar Sträng, alimbeza kuwa hajui hesabu. Ikathibitika kwamba alihesabu sawasawa. Septemba ya mwaka huo chama kilishindwa uchaguzi baada ya takriban miaka 44 madarakani, ingawa ugomvi juu ya nishati ya nyuklia nao ulichangia.

Mageuzi ya 1991 yaliteremsha kiwango cha juu hadi karibu asilimia 50, na mapato ya mtaji yakawekewa asilimia 30. Kodi ya urithi ilifutwa mwishoni mwa 2004, ya utajiri 2007. Ya mshahara imebaki.