Mizani Yetu na Soko la Dunia

Hotuba ya Katibu mbele ya Mkutano Mkuu wa kutimiza miaka 10 ya Chama Kikuu



Mengi yamekwisha kusemwa asubuhi ya leo juu ya ghala na mizani. Sisi tumepewa kazi ya kujibu swali linaloulizwa mlangoni petu kila msimu: kahawa ni ile ile, mibuni ni ile ile, mbona bei si ile ile?

Swali hili ni la haki. Mwaka 2001 tani moja ya robusta katika soko la London ilishuka chini ya dola 500. Mwaka 2024 ilipita dola 5,000. Mkulima wa Kagera hakulima mara kumi zaidi, wala mvua haikumnyeshea mara kumi zaidi. Basi ni nani aliyeishika mizani? Twaona ni watatu: siasa, ufundi na biashara.

Tuanze na siasa. Mwaka 1962 nchi zinazolima kahawa na nchi zinazoinywa zilifanya Mapatano ya Kimataifa ya Kahawa. Kila nchi mkulima ilipewa kiasi chake cha kuuza nje, ili kahawa isifurike sokoni na bei isianguke. Marekani iliyaunga mkono mapatano hayo kwa kuwa, pamoja na mengine, ilihofu kwamba umaskini wa wakulima wa Amerika ya Kusini ungewavuta kwenye ukomunisti. Mwezi wa Julai 1989 wanachama walishindwa kuelewana, mgao ukasimamishwa, na katika miezi michache bei ikaanguka karibu nusu. Mashauri hayo yalifanywa mbali sana na migomba yetu, lakini hasara yake iliingia hata jikoni mwetu.

Wa pili ni ufundi. Wazee wetu walichemsha buni na kumkaribisha mgeni aitafune. Mwaka 1938 kampuni ya Nestlé ya Uswisi ilianza kuuza kahawa ya unga inayoyeyuka katika maji ya moto. Robusta hufaa sana kwa kazi hiyo, na hivyo ufundi ule uliipanulia soko. Lakini ufundi hauna kwao. Nchi ya Vietnam, baada ya kugeuza siasa yake ya uchumi mwaka 1986, ilipanda robusta kwa wingi, ikaimwagilia maji kwa pampu na kuitia mbolea, na kufikia mwaka 2000 hivi ikawa ya pili duniani baada ya Brazil. Kahawa ikajaa maghalani mwa dunia, nasi tukaiona bei ya 2001. Miaka ya karibuni ukame ulipowapata wenzetu hao, bei ilipanda. Neema yetu ilikuwa msiba wa mkulima mwingine. Hilo lisitupe kiburi.

Wa tatu ni biashara. Katika soko la London watu huuziana kahawa ambayo haijachumwa bado. Mwenye kiwanda hununua leo ahadi ya kahawa ya miezi ijayo, ili bei ikipanda asiumie. Wengi wanaonunua ahadi hizo hawataigusa hata punje moja.

Ndugu wanachama, msicheke. Hata sisi tunayo biashara ya namna hiyo, nayo ni butura. Mkulima huuza maua yangali mtini. Lakini tazameni tofauti yake. Mfanyabiashara wa London huijua bei ya siku, na ahadi yake aweza kuiuza tena kesho. Mkulima wetu huuza kwa kuwa mtoto anaumwa au anadaiwa mahitaji ya shule, na bei hutajwa na mwenye fedha. Yule hununua kinga. Huyu huuza shida yake. Bei ilipokuwa kubwa kuliko zote tulizowahi kuziona, wako wenzetu walioitazama ikipita, kwa maana mavuno yao yalikuwa yamekwisha kuwa mali ya mwingine.

Wala hatutawalaumu wao peke yao. Sisi wa ofisi tulichelewesha malipo ya pili, na bei ya mnada hatukuibandika ukutani kwa wakati. Mwanachama asiyejua bei na asiyelipwa mapema atauza popote. Kosa hilo ni letu, na twaomba radhi.

Kwa hiyo Kamati italeta mbele yenu leo shauri hili: ziada ya msimu huu isigawanywe yote. Sehemu yake iwekwe katika mfuko wa mikopo midogo, itolewe miezi ya dhiki kabla ya mavuno. Twajua wengi mngependa kupokea zote mkononi, na sababu mnazo. Lakini bei iliyopanda mara kumi yaweza kushuka vile vile, na siku hiyo hatutakuwa na cha kuweka.

Pia, mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria inayotaka shamba lililotoa kahawa lijulikane, na kwamba halikufyekwa msituni baada ya mwaka 2020. Utekelezaji wake umeahirishwa zaidi ya mara moja, lakini yatupasa kuyaandikisha mashamba yetu mapema.

Siasa za wakubwa, pampu za Vietnam na soko la London hatuwezi kuziamuru. Twaweza kuamuru ukavu wa kahawa yetu, ukweli wa mizani yetu na usafi wa vitabu vyetu. Haba na haba hujaza kibaba. Shauri liko mbele yenu. Lipimeni kwa haki.