KUMFUNDISHA MTU MZIMA KAZI

Maneno ya Halmashauri ya Elimu ya chama mbele ya mafundi waliochaguliwa kuwafundisha wenzao



Kila mmoja wenu amechaguliwa kazini kwake awafundishe wageni wa kazi, na wengi mmechaguliwa kwa sababu moja tu, kwamba kazi mnaijua. Sababu hiyo ni njema, lakini haitoshi.

Mmeona wenyewe mambo ya kamba hii. Tulimwita ndugu mmoja mbele, fundi wa miaka mingi, tukamweleza kwa maneno matupu jinsi ya kufunga lile fundo ambalo mafundi wa stima hulifunga ndani ya holda ya taa, ili waya ukivutwa, nguvu iishie kwenye fundo wala isizing'oe nyuzi penye skrubu. Maneno yetu yalikuwa sahihi yote. Mkacheka, naye akacheka, na kamba ikabaki kamba. Mara ya pili tukalifunga mbele ya macho yake pasipo kusema neno, tukalifungua, tukampa. Hakuweza. Mara ya tatu alisimama upande wetu, si kututazama usoni, maana atutazamaye usoni huona mkono wa kulia kuwa wa kushoto. Tukafunga polepole, tukataja kila hatua na sababu yake. Kisha akafunga mwenyewe, kisha akafunga tena huku yeye ndiye anayetueleza sisi. Akaliweza. Mtu ni yule yule, na kamba ni ile ile.

Mchezo huu si wetu. Wamarekani waliutumia katika mpango wa mafunzo ya viwandani ulioanza mwaka 1940, wakati wa vita, viwanda vilipojaa watu ambao hawajapata kushika mashine: wakulima, wauza duka, na wanawake wengi sana. Mpango ule ulifuata njia aliyoiandika Charles Allen katika kitabu chake cha mwaka 1919, baada ya kazi ya kuwafundisha waunda meli. Hatua zake ni nne: mtayarishe mtu, mwonyeshe na kumweleza, mwache ajaribu mbele yako, kisha mfuatilie. Hadi mwaka 1945 watu zaidi ya milioni moja na nusu walikuwa wamepata vyeti vya mpango huo. Njia hii ilifika Uingereza, na baada ya vita ikafika Japani, na kampuni ya Toyota imeishika hata leo. Twasema haya ili mtu asidhani kwamba ni mambo ya kitoto kwa sababu tumeanza na kamba.

Sasa tusikie jambo lisilo mchezo. Katika kiwanda kimoja cha chai, ambacho hatutakitaja, kijana mgeni alipelekwa kwenye mashine ya kukata majani. Fundi wake hakuwa mzembe. Alimweleza asubuhi ile mambo yote, kwa muda wa robo saa, katikati ya makelele, kisha akamwuliza, "Umeelewa?" Kijana akajibu, "Ndiyo, mzee." Jioni ikafika saa ya kusafisha. Alikuwa ameambiwa azime mashine kwanza, naye akazima. Kisha akapeleka kitambaa. Rola zile ni za chuma nzito zenye meno, na stima ikikatwa huendelea kuzunguka kwa muda. Alipoteza vidole viwili.

Tulikaa na yule fundi baadaye. Alilia. Alisema hakumwambia kijana angoje mpaka rola zisimame kabisa, na hakuficha. Ni kwamba yeye mwenyewe hakujua kwamba analijua. Kwa miaka kumi na minane mkono wake ndio uliokuwa ukingoja. Mdomo wake haukuwa na habari.

Hapo ndipo penye ugumu wa kazi yenu. Kadiri mtu alivyo fundi wa zamani, ndivyo mambo mengi yalivyotoka kichwani yakashuka mikononi, na mambo hayo ndiyo mgeni anayoyahitaji. Kwa hivyo kabla hujamfundisha mtu, chukua karatasi na uigawe kwa mstari. Kushoto andika hatua za kazi, chache na fupi. Kulia, mbele ya kila hatua, jiulize: ni jambo gani hapa likikosewa kazi yote yaharibika? Ni lipi laweza kumwumiza? Na ni ujanja gani wa mkono unaofanya kazi iwe nyepesi? Ukiona huna la kuandika, usiseme hakuna. Nenda kwenye mashine uifanye kazi ile polepole, ukiitazama mikono yako kama ya mtu mwingine. Afadhali zaidi, mwombe mwenzako akutazame akuulize, "Mbona umesita hapo?" Karatasi ya yule fundi ingekuwa na mstari mmoja tu zaidi: zima, ngoja mpaka meno yaonekane yametulia, ndipo upeleke mkono, kwa sababu stima ikifa rola hazifi pamoja nayo.

Sababu msiiache. Mtoto wa shule waweza kumwambia fanya hivi, naye akafanya. Mtu mzima akikosa sababu atatafuta yake, na mara nyingi atatafuta ile inayomwokolea dakika.

Na lile swali la "Umeelewa?" twaomba mlitupe. Hakuna mtu mzima atakayesema hakuelewa, mgeni siku ya kwanza, mbele ya vijana, na huku ana karo ya watoto na mkataba wa miezi mitatu. Atasema ndiyo. Badala yake mwambie, "Haya, nionyeshe, na uniambie kila unachofanya." Akikosea, mzuie papo hapo ikiwa kuna hatari, ikiwa hakuna, mwache amalize kisha mrudie pale alipokosea, kwa sauti ya chini. Mtu mzima aliyeaibishwa mbele ya wenzake hatakuuliza tena, na siku ile asiyouliza ndiyo siku ya ajali.

Heshima ina upande mwingine pia. Siku hizi kijana wa miaka ishirini na mitatu hupewa mama wa miaka arobaini na mitano amfundishe mashine ya kushona. Asijifanye mkubwa, wala asiogope kusema lililo kosa. Amwite mama kama anavyostahili, na kwanza amwulize kazi alizopata kufanya. Aliyefanya kazi kwenye posho mili aujua mkanda na hatari yake. Aliyepika kwa hoteli ajua kupanga kazi kwa saa. Ukianzia pale unamsogeza hatua moja tu. Na kama kusoma kwampa taabu, utaiona karatasi ikikunjwa na kutiwa mfukoni upesi. Basi mchoree picha, usimwulize sababu.

Akishashika kazi, usimwache hivyo. Mwambie jina la mtu wa kumwuliza, jina moja. Pita kwake mara nyingi siku ya kwanza, halafu punguza.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo wengine wenu mlilisema nje, kwenye chai, wala hamkulisema humu ndani. Mwasema: nikimfundisha huyu kibarua yote, mwisho wa mwezi bwana mkubwa atamwajiri kwa mshahara mdogo na kuniondoa mimi. Hatutawaambia kwamba hofu hiyo ni ya upuuzi. Yametokea. Lakini tazameni anayeumia mkificha. Mwajiri hakatwi kidole. Yule anayefichwa ndiye mwenzetu, na kesho atakuwa mwanachama, au atakuwa adui wa chama maisha yake yote. Hofu hii dawa yake ni mezani, kwenye mapatano: cheo cha mfundishaji kiandikwe, posho yake iandikwe, na hesabu yake ya kazi ipunguzwe siku anazofundisha. Haifai mtu mmoja adaiwe vipande vyake vyote na mgeni pia. Robo saa ya asubuhi ile haikuwa mapenzi ya fundi. Alikuwa na hesabu ya kutimiza.

Tena sheria iko nasi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yakataza mtu kuwekwa kwenye mashine ya hatari kabla hajaelezwa hatari zake na kufundishwa ya kutosha, au kuwa chini ya uangalizi wa mtu anayeijua mashine hiyo. Deni hilo ni la mwajiri, si lako. Vile vile waajiri hulipa tozo ya mafunzo, shilingi 50 kila mwezi kwa kila mfanya kazi, ambayo hukusanywa chini ya Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani. Kwa hivyo mkiambiwa kwamba mafunzo hayana fungu, ulizeni habari za tozo hiyo. Na yule uliyemfundisha kwa mkono aweza kufanya mtihani wa ufundi wa mamlaka hiyo, daraja la tatu, akapata cheti, ingawa hakupata kukaa chuoni. Mwambieni mapema, mtu mwenye cheti mbele yake hujifunza kwa moyo mwingine.

Mkutano ujao ni baada ya wiki nne. Kila mmoja aje na karatasi yake ya kazi moja, iliyogawanywa kwa mstari kama tulivyoonyesha, na mafuta ya mashine yakiwa juu yake hatutakasirika. Tutaitoa kwa mtu asiyeijua kazi hiyo, naye atatusomea pale anapokwama.