Risasi Katika Damu Yetu
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa Meru na Embu)

Leo hatukuja kusema habari za mishahara. Tumekuja kusema habari za damu.

Wengi wetu tunafungua betri kuukuu za magari, tunayeyusha risasi iliyomo, tunalehemu rejeta. Mwenzetu mmoja wa kazi hiyo aliumwa na tumbo miezi mingi, akakonda, na mikono ikalegea. Alipimwa malaria, hakuna. Alipimwa choo, hakuna. Tajiri wake akasema, "Damu yako ni safi, rudi kazini." Nasi tukaamini. Hapo tulikosa, maana hadubini huona vijidudu, haioni risasi. Damu yake ilipopelekwa Nairobi kupimwa kwa mashine ya mwanga, ndipo jibu likapatikana.

Mashine hiyo hufanyaje kazi? Tupa chumvi motoni, utaona mwali unageuka manjano. Kila madini yana mwanga wake, na Wajerumani wawili, Bunsen na Kirchhoff, walilieleza jambo hili mwaka 1860. Mwaka 1955 Alan Walsh wa Australia alionyesha njia ya kupima kwa mwanga unaomezwa. Damu huchomwa kwa moto mkali hata ikawa mvuke, kisha mwanga wa risasi hupitishwa katikati. Risasi iliyomo humeza mwanga huo. Mwanga ukipungua sana, risasi ni nyingi.

Mkulima wa kahawa anajua kwamba mizani isiyojaribiwa kwa jiwe la uzito unaojulikana humwibia. Mashine hii vivyo hivyo: kwanza hupewa maji yenye risasi ya kiasi kinachojulikana, ndipo hupewa damu. Na mkono wa fundi uoshwe vizuri kabla ya kutolewa damu, kwa sababu vumbi la ngozi likiingia ndani ya chupa, hesabu yote imeharibika.

Shaba na zinki mwili wahitaji kidogo. Hata mrututu tunaonyunyizia kahawa ni shaba, ingawa ukizidi ni sumu. Lakini risasi mwili hauihitaji hata chembe. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilisema kwamba mtu akiwa na maikrogramu 5 katika desilita moja ya damu, itafutwe inakotoka na ikomeshwe. Maikrogramu moja ni gramu iliyogawanywa mara milioni. Tena risasi hupungua katika damu baada ya wiki kadhaa, ikajificha mifupani miaka mingi. Basi anayechelewa kupimwa aweza kupewa jibu dogo, na ugonjwa ungalimo.

Msidhani ni hadithi. Kule Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kiliwadhuru wafanyakazi na watoto wa jirani. Damu ilipimwa, na namba zikawa ushahidi. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha.

Kwa hiyo twadai mambo matatu. La kwanza, kila anayeshika risasi apimwe damu kwa mashine hiyo, na jibu lenye namba apewe mkononi. La pili, pawe na maji na sabuni, na nguo za kazi zibaki kazini, tusiwapelekee watoto vumbi nyumbani. La tatu, atakayekutwa na risasi nyingi abadilishiwe kazi, asifukuzwe. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri atukinge, na ile ya mafao ya majeraha ya mwaka huo huo yagusa pia magonjwa ya kazini.

Ndugu zetu, kikulacho ki nguoni mwako. Mtu akikuambia damu yako ni safi, muulize: imepimwa nini?