Nani Kasema, na Alijuaje?
Somo juu ya kazi ya mwanahistoria

Natumai mmekaa vizuri na kila mmoja ana penseli na karatasi yake. Wenye macho mazito wakae karibu na taa, na jirani amsaidie jirani yake.

Katika somo lililopita tulisoma stakabadhi ya dukani. Tulitazama jina la mwenye duka, tukatazama tarehe, kisha tukajumlisha fedha kuona kama hesabu ni sawa. Leo mtaona kwamba kazi ya mwanahistoria haiko mbali na ile. Naye husoma karatasi, akatazama jina, tarehe na hesabu. Lakini karatasi zake nyingi ni za watu waliokwisha kufa, na hesabu ikikosewa hasara yake yaweza kuwa kubwa kuliko shilingi mbili tatu. Yaweza kuwa damu ya watu.

Mtu wa somo letu

Mwanahistoria tutakayemtaja leo ni Profesa Abdul Sheriff. Alizaliwa Unguja mwaka 1939. Alisoma Marekani, kisha London, na mwaka 1971 akapata shahada ya udaktari. Udaktari huu si wa sindano na dawa. Ni cheo apewacho mtu aliyechunguza jambo moja mpaka akalijua barabara. Jambo alilolichunguza yeye ni biashara ya Unguja tangu miaka ya 1770 mpaka 1873. Alisomesha miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kisha katika miaka ya 1990 akarudi nyumbani kusimamia makumbusho ya Zanzibar. Mwaka 1987 alitoa kitabu juu ya watumwa, karafuu na pembe za ndovu, na mwaka 2010 akatoa kingine juu ya majahazi na watu wa Bahari ya Hindi.

Kazi yake yote yaweza kuelezwa kwa maswali matatu. Yaandikeni sasa, maana tutayatumia mpaka mwisho wa somo:

1. Nani kasema?
2. Alijuaje?
3. Ni nini kilichoachwa bila ya kusemwa?

Vyumba vya Mkunazini

Twendeni pamoja Mkunazini. Ukitoka Darajani ukaingia Mji Mkongwe, hutembei sana ila utaona mnara wa kanisa kubwa la Waanglikana. Hapo palikuwa na soko la watumwa. Mwezi wa Juni 1873 Sayyid Barghash alitia sahihi mkataba na Waingereza, na soko likafungwa. Mwaka ule ule, siku ya Krismasi, wamisionari wakaweka jiwe la msingi la kanisa.

Karibu na kanisa lipo jengo lenye vyumba chini yake, vyenye giza na dari fupi. Wageni wengi hupelekwa humo, wakaambiwa kwamba watumwa walifungiwa mle wakingojea kunadiwa. Mgeni huinama, huona minyororo, na moyo wake huingia simanzi.

Sasa tulete maswali yetu. Jengo lile limejengwa lini, na nani? Lilijengwa na wamisionari, baada ya soko kufungwa. Basi vyumba vilivyo chini ya jengo hilo viliwezaje kuweka watumwa wa soko ambalo halipo tena? Wanahistoria, Profesa Sheriff akiwa mmoja wao, wamelitia shaka jambo hili. Atakayedai kwamba vyumba vina umri kuliko jengo lenyewe, na aonyeshe ushahidi wake.

Hapa sikilizeni vizuri, maana ndipo watu wengi wanapojikwaa. Mtu akisikia haya husema, “Kumbe habari za utumwa ni uongo!” La hasha. Soko lilikuwapo. Waliolitazama kwa macho yao waliandika, na mkataba wa 1873 wenyewe ni shahidi: hakuna afungaye duka ambalo halikufunguliwa. Watu walinunuliwa na kuuzwa hapo kama mbuzi. Kosa ni la vyumba tu. Lakini kosa dogo likiachwa, humpa mwenye kutaka kukanusha mlango wa kukanusha jambo zima. Ndiyo sababu mwanahistoria hung'ang'ania hata tarehe ya ukuta mmoja.

Nani alinunua?

Swali la tatu linatupeleka mbali zaidi. Kwa miaka mingi habari za utumwa wa Unguja zilitoka katika barua za Waingereza, hasa maofisa wa manowari zao. Nani kasema? Maofisa. Walijuaje? Mara nyingine kwa kuona, mara nyingine kwa kukisia. Tena walikuwa wakilipwa zawadi kwa majahazi ya watumwa waliyoyakamata. Barua zao zina faida kubwa, lakini yafaa zipimwe kwanza. Profesa Sheriff alizipima kwa kuzilinganisha na hesabu nyingine za biashara, akaona kwamba idadi ya watumwa waliopelekwa Arabuni ilitiwa chumvi. Wengi walioletwa hawakusafirishwa mbali. Walibaki papa hapa, katika mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba.

Na ni nini kilichoachwa bila ya kusemwa? Mnunuzi. Pembe za ndovu zilizobebwa kutoka bara zilikwenda Ulaya na Marekani, zikachongwa vibonye vya piano na mipira ya kuchezea juu ya meza. Wamarekani walifanya mkataba wa biashara na Sayyid Said mwaka 1833, na mwaka 1837 balozi wao mdogo akakaa Unguja. Walileta kitambaa kilichofumwa kwao, na mpaka leo jina la kitambaa kile twalijua: merikani. Karafuu nazo zilinunuliwa na watu wa mbali. Kwa hiyo kisa cha Unguja hakikuwa cha Waarabu na Waafrika peke yao. Mtumwa alilima hapa, tajiri wa hapa akapata faida, na mlaji wa mbali akapata bidhaa. Wote watatu wamo katika hesabu. Atakayemfuta mmoja ameandika stakabadhi ya uongo.

Hesabu ya mwaka 1963

Sasa tufike penye moto. Chukueni penseli.

Mwezi wa Julai 1963 palikuwa na uchaguzi Zanzibar. Viti vilikuwa 31. Chama cha Afro-Shirazi kilipata viti 13. Vyama viwili vilivyoungana, ZNP na ZPPP, vilipata 12 na 6. Jumlisheni: 12 na 6 ni 18. Basi vyama viwili vikashika serikali.

Geuzeni karatasi, tutazame kura za watu. Katika kila kura 100, Afro-Shirazi ilipata kama 54. Vyama viwili kwa pamoja vilipata kama 46. Iliwezekanaje? Afro-Shirazi ilishinda kwa kura nyingi mno katika baadhi ya majimbo, na wenzao wakashinda kwa kura chache chache katika majimbo mengi. Jimbo ni kiti kimoja, ushinde kwa kura elfu au kwa kura kumi.

Fikirini wazee wawili wamekaa barazani. Mmoja asema, “Serikali ile ilichaguliwa kwa halali.” Mwingine asema, “Watu wengi hawakuitaka.” Nani mwongo? Hakuna. Kila mmoja ameshika upande mmoja wa karatasi. Uhuru ulikuja tarehe 10 Desemba 1963. Mapinduzi yakatokea tarehe 12 Januari 1964, na watu wengi wakapoteza maisha yao. Muungano na Tanganyika ukafanywa tarehe 26 Aprili 1964. Na tangu hapo wako watoto waliorithi upande mmoja tu wa karatasi, wakakua wakimtazama jirani kwa jicho baya.

Tena wako wasemao kwamba mambo yote yale yalikuwa ugomvi wa kabila na kabila, basi. Mwaka 2001 Profesa Sheriff aliandika makala juu ya neno hili. Alionyesha kwamba kabila peke yake haitoshi kueleza; lazima mtu atazame pia nani alikuwa na shamba na nani alilima, nani alikuwa na duka na nani alikuwa na deni. Mwarabu mwenye mikarafuu mingi na Mmanga mwenye kiduka cha chumvi na mafuta ya taa hawakuwa na hali moja. Washirazi nao hawakupiga kura upande mmoja. Wa Pemba na wa Unguja waligawanyika. Mtu akisema “wale wote walikuwa hivi”, muulizeni: wote? Alijuaje?

Kwa wenzetu wa mbali

Msidhani tabu hii ni ya visiwa vyetu tu. Huko Ulaya, upande wa mashariki, ziko nchi zinazoitwa za Balkan. Zamani nyingi kati yake zilikuwa nchi moja, Yugoslavia. Mwaka 1389 palipiganwa vita katika uwanja wa Kosovo. Miaka 600 baadaye, tarehe 28 Juni 1989, kiongozi wa Serbia, Slobodan Milošević, alisimama mahali pale mbele ya umati mkubwa akakumbusha vita vile. Mwaka 1991 nchi ikaanza kupasuka, na majirani waliokunywa kahawa pamoja wakapigana. Mwezi wa Julai 1995, katika mji wa Srebrenica, wanaume na vijana wa Kiislamu zaidi ya 8,000 waliuawa.

Hotuba moja haikuleta yote hayo. Vita vina sababu nyingi. Lakini kisa cha kale kikisimuliwa nusu, mbele ya watu wenye hofu, huwa kama kijinga cha moto kwenye makuti. Ndiyo maana nchi zile nazo zinahitaji wanahistoria watakaokwenda penye karatasi kuuliza yaleyale maswali matatu. Na sisi tusisahau: mwezi wa Juni 1961, katika fujo za uchaguzi wa Unguja, watu 68 waliuawa.

Mwanahistoria na siasa

Mtu atauliza, je, mwanahistoria aseme juu ya siasa za leo, au anyamaze na vitabu vyake? Profesa Sheriff hakunyamaza. Katika mjadala wa Katiba ya Tanzania, uliofikia Bunge Maalum la mwaka 2014, alikuwa miongoni mwa waliozungumza hadharani juu ya Zanzibar na Muungano. Yafaa mjue kwamba hapo anasema kama raia, naye raia hukosea kama raia wengine. Mwaweza kukubaliana naye, mwaweza kumpinga. Lakini anayempinga mtu wa ushahidi na alete ushahidi, asilete matusi.

Karatasi huoza, nyumba huanguka

Jambo la mwisho. Mnalijua Jumba la Maajabu pale Forodhani, Beit al-Ajaib, lililojengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 liligeuzwa makumbusho, na Profesa Sheriff alikuwa na mkono mkubwa katika kazi hiyo. Ndani ya uwanja wake paliwekwa mtepe, jahazi lililoshonwa kwa kamba bila ya msumari hata mmoja, ili watoto waone babu zao walivyosafiri. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jumba iliporomoka, na watu wawili wakafa. Maiti wakazikwa, na mji ukahuzunika.

Nyumba ya mawe ikianguka, kishindo husikika. Lakini mzee akifa na habari zake, hasikiki. Ninyi mlikuwa hamjui kusoma, sasa mnajua. Basi kabla ya somo lijalo, kila mmoja amwendee mzee mmoja wa mtaa au wa shamba: bibi, babu, mjomba, au jirani. Amwamkie kwa heshima, akae naye, amwombe kisa kimoja cha zamani. Asimkatize. Akimaliza amwulize kwa upole: “Hayo uliyaona mwenyewe, au uliambiwa?” Kisha aandike mistari mitano, na chini yake jina la mzee, jina lake mwenyewe, na tarehe. Karatasi yenye jina na tarehe ni ushahidi. Isiyo na jina wala tarehe ni uvumi.

Wanafunzi, kwaherini mpaka somo lijalo.

Maneno ya kukumbuka

Mwanahistoria: mtu achunguzaye mambo yaliyopita kwa ushahidi.
Ushahidi: kitu kinachoonyesha kwamba jambo ni kweli, kama barua, hesabu, jengo, au maneno ya aliyeona.
Kutia chumvi: kuongeza habari kuliko ilivyokuwa.
Jimbo: sehemu ya nchi inayochagua mjumbe mmoja.

Maswali ya kujibu darasani

1. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka gani?
2. Kwa nini vyumba vilivyo karibu na kanisa vinatiwa shaka? Je, shaka hiyo inakanusha utumwa? Eleza.
3. Katika uchaguzi wa Julai 1963 Afro-Shirazi ilipata kura nyingi lakini viti vichache. Eleza jinsi ilivyokuwa.
4. Andika maswali matatu ya mwanahistoria bila ya kutazama ukurasa.
5. Taja habari moja uliyoisikia barazani wiki hii. Nani kasema, na alijuaje?