Pima Udongo kwa Chupa
Chukua chupa inayoonyesha ndani. Tia udongo hadi theluthi, ongeza maji na sabuni kidogo ya unga, tikisa sana, kisha iache itulie. Mchanga, wenye chembe zisizozidi milimita 2, huzama ndani ya dakika moja. Tope laini hufuata baada ya saa chache. Mfinyanzi, wenye chembe chini ya milimita 0.002, huchukua siku nzima au zaidi. Pima kila tabaka kwa rula. Halafu sugua mchanga kiganjani: chembe zenye pembe hukwaruza, zilizoviringishwa na maji huteleza. Mchanga mwingi hupoteza maji upesi. Mfinyanzi mwingi huyashikilia. Mkulima, ujue udongo wako kabla ya kupanda.